Dakika Mbili za Filamu, Nusu Saa ya Kazi

Malindi wapo vijana wanaozungumza Kiitaliano cha kupatana bei, cha utani na cha kumwelekeza mgeni njia ya Marafa, na wengi wao hawajakaa darasani wala kutazama filamu hata moja ya Kiitaliano. Waitaliano walianza kuzoeleka huku tangu mradi wa roketi wa San Marco pale Ngomeni miaka ya 1960. Baadaye zikaja hoteli, mikahawa na majumba, na lugha ikaingia kwa njia ya mdomo. Kijana anauliza, anajibiwa, anakosea, anachekwa, kesho harudii kosa. Pwani hii hii kuna nyumba ambamo filamu za Kihindi zimetazamwa miaka nenda miaka rudi. Nyimbo zinaimbwa neno kwa neno, na kila mtu anajua mama mkwe ataanza kulia wapi. Mwambie shabiki huyo aombe maji ya kunywa kwa Kihindi, uone.

Wawili hao ndio jibu la swali linaloulizwa kila siku na vijana wa Lamu wanaotafuta kazi hotelini, wanafunzi, hata akina mama wenye nyumba za wageni: je, nikitazama filamu za Kiingereza nitakijua Kiingereza? Ukitazama tu, utaijua hadithi. Macho yatakueleza nani kamkasirikia nani, muziki utakwambia hatari inakuja, na sikio litajilalia zake. Filamu haikungoji, haikujibu na haikusahihishi. Kazi hizo tatu ukizibeba mwenyewe, unapata kitu ambacho kitabu hakina: Kiingereza kama kinavyotoka kinywani mwa watu wenye haraka.

Maneno yanaliwa

Mtu aliyesoma Kiswahili sanifu Nyeri au Kisumu, akishuka gatini Amu, yaani Lamu, akaambiwa "ndoo", atatafuta ndoo ya maji. Kumbe anaambiwa njoo. "Ndia" ni njia, "mato" ni macho, "nti" ni nchi. Lugha ni ile ile, ila masikio yake yalisomea kitabuni. Ndivyo anavyokuwa mwanafunzi mwenye alama nzuri za Kiingereza anapokutana na filamu. Maneno anayajua karibu yote, lakini hayatambui yakipita.

Sababu iko kwenye mapigo ya lugha. Kiswahili ni mgawaji wa haki: kila silabi hupewa nafasi yake, na mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho karibu katika kila neno. Kiingereza kina upendeleo. Silabi zenye mkazo hujitanua, na zilizobaki hubanwa katikati yake mpaka irabu zake zinapoteza sura. Wanaobanwa zaidi ni wale wadogo wanaobeba sarufi: "to", "of", "are", "have", "him". Ndiyo maana mtu husikia majina ya vitu na vitendo, halafu akashindwa kujua nani kamfanyia nani na lini.

Chukua sentensi moja: "What are you going to do about it?" Kwenye karatasi ina maneno manane. Kinywani mwa Mmarekani hutoka kama "wóraya gana dú abáurit". Maneno matatu ya mwanzo yameungana, mawili yanayofuata yamekuwa "gana", na zile "r" mbili zinazosikika, katika maandishi ni "t". Hapa Mswahili ana bahati ambayo hajui kama anayo. "T" ya Kimarekani ikikaa kati ya irabu mbili mara nyingi hutamkwa kwa ulimi kugonga mara moja juu, nyuma ya meno, na kugonga huko ndiko "r" yetu ya "kura" na "bara". "Water" inakuwa "wora", "better" inakuwa "bera", "get it" inakuwa "gerit". Ukilijua hili moja, maneno mengi yaliyokuwa kelele yanarudi kuwa maneno.

Jambo la pili ni "can" na "can't", na hili lina hasara ya fedha. Nahodha anauliza kwa simu kama wageni watatoka kesho kwenda Manda Toto. Anajibiwa, na anasikia "we can go". Huenda alichoambiwa ni kinyume. Katika Kiingereza cha Kimarekani ile "t" ya mwisho mara nyingi haisikiki. Tofauti iko kwenye irabu na mkazo: anayekubali husema "wi kn GÓ", "can" ikiwa imebanwa hadi karibu kupotea, anayekataa husema "wi KEN go", irabu ikiwa kamili na nzito. Mwingereza wa kusini hurahisisha mambo, maana kwake "can't" ina "a" ndefu kama "kaant". Kwa hiyo usitegee "t". Tegea uzito wa neno. Filamu ni mahali pazuri pa kulizoeza sikio kwa hili, kwa kuwa unaweza kurudisha nyuma mara kumi na hakuna mgeni anayekasirika.

Kisha kuna irabu. Sisi tuna tano. Kiingereza cha Uingereza kinachofundishwa vitabuni kina takriban 20, tukihesabu na zile za kuunganika. Sikio lenye vyumba vitano hupokea wageni ishirini na kuwalaza wanne wanne. "Hat", "hut", "heart" na "hurt" zote huishia chumba cha "a". "Ship" na "sheep", "live" na "leave", zote hulala chumba cha "i". Nahodha anayemwonyesha mgeni "my sheep" badala ya "my ship" ataeleweka, kwa sababu jahazi lenyewe liko mbele yao. Kwenye simu halipo.

Faida nayo ipo, na watu wa pwani huisahau. Sauti ya mwanzo wa "think" ndiyo ya "thamani" na "thelathini". Ya "this" ndiyo ya "dhahabu" na "dhambi". Wajerumani na Wafaransa huhangaika nazo miaka. Wewe unazo tangu chuoni, kabla hujamaliza Juzuu Amma. Usiziharibu kwa kusema "tinki" na "disi" eti ndivyo wasemavyo wengine.

Uchague nini

Filamu za mapigano ndizo zinazopendwa na ndizo zinazofundisha kidogo. Saa nzima ya risasi na magari kupinduka inaweza kuwa na dakika chache tu za mazungumzo, na nusu yake ni kupiga kelele. Katuni za watoto zinasifiwa bure: sauti nyingi ni za kubana pua, na utani wake ni wa kucheza na maneno, jambo gumu kuliko yote kwa mgeni wa lugha. Makala za wanyama na bahari zina msimulizi anayesema taratibu na kwa uwazi, picha ikifuata neno. Ni nzuri kwa anayeanza, hasa mvuvi au mwongoza watalii anayetaka majina ya samaki, mikoko na kasa. Ila ile ni lugha ya kuandikwa inayosomwa kwa sauti. Hakuna anayeongea hivyo mezani.

Tamthilia za Mexico, Ufilipino au Uturuki zilizotiwa sauti za Kiingereza zina ubora mmoja usiotajwa: sauti zimerekodiwa studio, waigizaji hawazungumzi kwa mpigo mmoja, na kelele za nyuma ni chache. Midomo haiendi na maneno, basi usitazame midomo. Kwa miezi miwili mitatu ya kwanza, zinafaa kuliko filamu nyingi za Hollywood.

Kwa mtu aliyeshika kidogo, mfululizo hushinda filamu moja moja, hasa wenye vipindi vya dakika 20 hadi 25 kuhusu familia, ofisi, hospitali au jiko la hoteli. Kipindi cha kwanza kitakutesa. Kufikia cha nne, sauti za wahusika umezizoea, unajua nani hupenda kukatiza wenzake, na maneno yale yale yanajirudia.

Idadi ya maneno inaeleza ugumu wote huu. Waliohesabu msamiati wa filamu na vipindi vya runinga vya Kiingereza wamekuta kwamba mafungu 3,000 ya maneno ya kawaida, pamoja na majina ya watu na mahali, hufunika takriban asilimia 95 ya yote yanayosemwa. Fungu ni neno na watoto wake: "work", "works", "worker", "working" ni fungu moja. Kufikia asilimia 98 unahitaji mafungu 6,000 hadi 7,000, yaani safari inayobaki ni ndefu sawa na uliyokwisha kwenda, au zaidi. Na asilimia 95 si kubwa kama inavyosikika. Ni neno moja geni katika kila maneno 20. Watu wakiongea maneno 150 kwa dakika, yanapita mageni saba au manane kila dakika. Ukisimamisha kila moja na kufungua kamusi, filamu ya saa moja na nusu itakwisha wiki ijayo, na hadithi utakuwa umeshaisahau.

Basi usiifanyie kazi filamu nzima. Kata kipande.

Nusu saa, dakika mbili

Kipande cha dakika mbili, watu wawili wanazungumza, hakuna muziki mkubwa wala mvua. Mapokezi ya hoteli, mtu kwa daktari, mke na mume wanabishana juu ya fedha. Kiangalie mara moja na maandishi ya Kiingereza chini, bila kusimamisha, ujue kinachoendelea. Hiyo ni dakika mbili. Kisha zima maandishi, geuza uso usione kioo, sikiliza mara mbili. Dakika nne. Anayekaribia kuelewa kila kitu ageuze mpango, aanze bila maandishi. Lakini anayeanza akijitupa bila chochote hujifunza kukata tamaa tu.

Dakika 12 zinazofuata ndizo kazi yenyewe. Chagua sentensi tano au sita. Cheza moja, simamisha, andika ulichosikia. Irudie hadi mara tano, si zaidi. Usichokisikia mara ya tano hutakisikia mara ya ishirini. Acha nafasi wazi. Ukishindwa tahajia, andika kwa Kiswahili: "gerit", "abaurit". Usione haya, daftari ni lako.

Tuseme mhusika wa mapokezi kasema: "I'm afraid we're fully booked, but I could get you in on Thursday." Mwanafunzi wa kawaida ataandika hivi: "I'm afraid we fully book but I could get in Thursday." Fungua maandishi sasa, dakika nne, ulinganishe, na kila pengo lipigie mstari. Mapengo ni manne, na kila moja lina sababu yake. "We're" imefupika ikasikika "wi". Mwisho wa "booked", ambao hutamkwa "t", umemezwa na "b" ya "but" inayofuata. "Get you" imekuwa "gecha", na sikio lilipokosa "you" likaitupa. "In on" imeungana ikawa neno moja, "inon". Hakuna hata neno moja gumu hapo. Mwanafunzi wa darasa la sita anayajua yote.

Angalia pia maana. "I'm afraid" hapa si naogopa. Ni "samahani" au "kwa bahati mbaya", na Mwingereza huitumia kila anapotaka kukataa kwa adabu. Tena "could" haielezi jambo lililopita; inapunguza makali. Hapa ndipo Waswahili wenye adabu zao huonekana hawana. Kwetu heshima iko kwenye salamu ndefu kabla ya haja, na kwenye "naomba". Mtu akitafsiri haja peke yake, "give me your passport", mgeni anashtuka, ilhali kichwani mwa msemaji lilikuwa jambo la upole. Filamu itakuonyesha mara mia kwamba Kiingereza huweka heshima ndani ya kitenzi: "could I see", "would you mind", "I was wondering if". Andika sentensi nzima daftarini, si neno. "Afraid" peke yake ukurasani ni mzigo usio na mpini.

Dakika nane za mwisho ni za mdomo. Cheza sentensi, na wewe sema pamoja na mhusika, nyuma yake kwa pumzi moja, ukiiga mapigo kuliko herufi. Mwanzoni utachelewa na kujikwaa. Punguza mwendo wa video hadi 0.75, chini ya hapo sauti inavutika kama ya mlevi na mapigo unayoyatafuta yanapotea. Kisha jirekodi kwa simu, usikilize yako na ya mhusika moja baada ya nyingine. Utajisikia ukiongeza irabu mwishoni, "buku" badala ya "book", "gudi" badala ya "good". Hiyo ni silika ya Kiswahili: haipendi neno lifungwe kwa konsonanti, ndiyo maana "film" ikawa filamu. Ukiisikia mwenyewe ndipo utaiacha. Ukiambiwa na mwalimu utaudhika.

Nusu saa imekwisha. Wiki ifanye siku nne hivi, na siku nyingine tazama chochote kwa raha zako, mguu juu ya mguu.

Maandishi ya chini, na yanavyokwenda mrama

Maandishi ya Kiswahili, yanapopatikana, ni ya kuelewa hadithi tu. Jicho husoma lugha yake upesi kuliko sikio linavyochambua ya watu, na sikio likishapewa jibu halihangaiki tena. Na zile filamu alizozitafsiri DJ Afro, tamu kama zilivyo, zitazame kwa kucheka. Sauti yake imekaa juu ya Kiingereza chote.

Maandishi ya Kiingereza nayo si nakala kamili ya yanayosemwa. Kwa kawaida hukaa mistari miwili, kila mmoja usizidi herufi 42 au karibu na hapo, na lazima yasomeke kabla picha haijabadilika. Mwigizaji akiongea kasi, mwandishi hupunguza: "well", "you know", "actually" hutupwa kwanza. Kwa hiyo ukiandika neno lisilokuwemo chini, usikimbilie kulifuta. Sikiliza tena, pengine wewe ndiye uliyesikia sawa. Maandishi ya viziwi, yale yenye maelezo kama mlango kufungwa au mtu kuvuta pumzi, mara nyingi hufuata usemi kwa karibu zaidi, hivyo yachague ukipewa nafasi ya kuchagua. Yale ya YouTube yanayotengenezwa na mashine hukosea majina na maneno yaliyoungana, yaani pale pale unapohitaji msaada.

Wanaonunua filamu kwenye flashi dukani hutumia programu ya VLC, na ni chaguo zuri. Faili ya maandishi huishia kwa .srt, ipe jina lile lile la filamu, iweke folda moja nayo, VLC itaifungua yenyewe. Kwenye kompyuta ya Windows, Shift na mshale wa kushoto hurudisha sekunde tatu, kipimo kizuri cha sentensi moja. Alt na mshale huo hurudisha sekunde kumi. Herufi V huwasha na kuzima maandishi. Maandishi yakitangulia sauti, bonyeza H mpaka yatulie. Yakichelewa, bonyeza G. Kila mbonyezo husogeza sehemu ya ishirini ya sekunde, kwa hiyo subira.

Wakati mwingine unayaweka sawa mwanzoni, na baada ya dakika chache yamepotoka tena, na kadiri filamu inavyosonga ndivyo yanavyozidi. Hapo H na G hazitibu. Filamu yako na maandishi yako vimetoka kwenye matoleo yenye kasi tofauti: sinema hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, na toleo la runinga za Ulaya huharakishwa hadi 25. Tofauti ni asilimia 4 tu, lakini filamu ya dakika 100 inakuwa ya 96. Tafuta maandishi ya toleo lako, maana hata ndani ya kipande cha dakika mbili upotofu unafikia karibu sekunde tano.

Bando ni hesabu nyingine. Netflix kwa ubora wa kawaida hula hadi GB 1 kwa saa, na kwa ubora wa juu hadi GB 3. Kurudia kipande mara kumi mtandaoni ni kumwaga shilingi. Kipakue kwanza, mahali penye waifai, kisha ukirudie nyumbani bure. Vaa hedifoni. "S", "f" na "th" ni sauti nyembamba, na feni ya dari peke yake inatosha kuzifunika. Ukizikosa hizo, umekosa wingi wa nomino na "s" ya mwisho wa vitenzi.

Saa moja na saa tatu

Asiye na bando wala kompyuta ana darasa lililo wazi kila usiku na halilipiwi. Vituo vikubwa vya runinga vya Kenya husoma habari kwa Kiswahili saa moja usiku na kwa Kiingereza saa tatu. Habari ni zile zile na picha mara nyingi ni zile zile. Saa moja, sikiliza na uandike vichwa vitatu vya habari, pamoja na majina na tarakimu. Saa tatu huhitaji tena kujiuliza nini kimetokea. Unabaki na kazi moja tu ya kusikiliza vinavyosemwa. Msamiati wa kiserikali utaushika upesi: bajeti, mgomo, dhamana, kura ya kutokuwa na imani. Mipaka yake ni ile ya makala za wanyama, kwamba mtangazaji anasoma. Lakini akimhoji mtu barabarani, huyo haongei kwa kusoma; ongeza sauti hapo.

Ya kuacha pale pale kwenye kioo

Filamu hazikuambii lugha gani inafaa wapi. "Gonna" na "wanna" ni za mdomoni, na mwanafunzi akizitia kwenye insha ya mtihani wa kidato cha nne, KCSE, anapoteza alama. Matusi nayo hushikwa haraka kwa sababu yana mkazo mzito na uso wa mwigizaji huyasaidia. Kijana wa Shela anaweza kumkaribisha mzee mwenye mvi kwa neno alilolisikia kwa jambazi, na asijue kwa nini kimya kimetanda.

Kuna pia mgongano wa Uingereza na Marekani. Shule zetu zinafuata Uingereza, filamu nyingi ni za Marekani. Kwa Mwingereza, "first floor" ni ghorofa iliyo juu ya ile ya chini. Kwa Mmarekani ndiyo ya chini yenyewe. Kwenye nyumba ya Mkomani, mtaa wa Lamu, yenye orofa tatu na ngazi za mawe, mgeni mwenye masanduku atakukumbuka kwa hilo. "Pants" kwa Mmarekani ni suruali, kwa Mwingereza ni chupi. Mpokea nguo za kufua achague neno "trousers" alale salama.

Saa nazo. Kiswahili huhesabu tangu jua kuchomoza, na anayetafsiri harakaharaka humwambia mgeni boti inaondoka "two o'clock" akimaanisha saa mbili asubuhi. Kila saa ikitajwa kwenye kipande chako, isimamishe na uiseme kwa Kiswahili kabla ya kuendelea. Wiki tatu za zoezi hilo na ulimi unaacha kusita.

Jambo moja zaidi kuhusu wageni wenyewe. Wengi wanaoshuka uwanja wa ndege wa Manda si Waingereza wala Wamarekani, na Kiingereza nao walijifunza. Ukiwarushia "woraya gana du" hawataelewa. Maneno yaliyoliwa ni ya kuyasikia. Kuyasema yaseme mazima.

Pale filamu inapokwama

Kilichowafaa vijana wa Malindi ni kujibiwa, na filamu haina jibu. Mtafute mwenzio mmoja anayetazama kipande kile kile. Barazani, mmoja awe mapokezi na mwingine mgeni, bila daftari, kisha badilishaneni. Raundi ya tatu badilisheni kisa: chumba kipo lakini maji yamekatika, au mgeni anataka kuondoka siku moja kabla. Hapo ndipo utajua ni sentensi zipi umeziokota na zipi umezitazama tu zikipita. Miezi ya masika, hoteli zikipunguza kazi na wageni wakiwa haba, ni wakati mzuri kwa hili; watu wapo barazani na hakuna anayeharakisha.

Baada ya wiki nne, chukua kipande kipya cha mfululizo ule ule, sentensi sita, majaribio matano kila moja. Hesabu maneno madogo uliyoyapata, "to", "you", "on", "have", wala usihesabu makubwa. Sentensi tano zikitoka kamili, panda ngazi: mfululizo wenye watu wanaokatizana, au lafudhi nyingine kama ya Uskoti au ya Nigeria. Zikitoka chini ya tatu, mfululizo huo ni mzito kwako kwa sasa. Rudi kwa tamthilia iliyotiwa sauti, ukae nayo mwezi mmoja zaidi.